Jiko Lilale Nje

Mwanangu,

Mbukwa. Ujumbe wako nimeusoma, na kilichonikaa kichwani ni lile neno la mwisho, kwamba wewe na mdogo wako mtalala hapo hapo Nzuguni, kwenye banda lenu la chakula, kulinda vyombo, tangu tarehe 1 mpaka maonyesho ya Nanenane yapite. Kulala mlale, vyombo havilindwi na turubai. Ila jiko la mkaa lisiingie ndani usiku. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Agosti ya Dodoma unaijua: mchana jua, jioni upepo wa mashariki, na kuelekea alfajiri baridi inapenya blanketi. Hapo mtu aliyepika kutwa anaona makaa bado mekundu, hayana moshi, anayavuta ndani na kufunga mlango wa turubai. Wengi wanadhani moshi ukiisha sumu nayo imeisha. Makaa mekundu bado yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Ukiivuta inashika damu pale ambapo oksijeni ingekaa, na unalegea usingizini usijue. Mdogo wako akilala hulala fofofo, huyo hata ukimwita haamki, sembuse hewa isiyo na sauti.

Utaambiwa uweke beseni la maji kando ya jiko. Maji hayainyonyi. Utaambiwa utoboe tundu juu ya turubai. Halitoshi. Kuyafukia makaa kwa majivu ni kuyafanya yadumu hadi asubuhi yakiendelea kutoa ile ile. Mkimaliza kupika, yamwage kwenye debe la bati lenye mfuniko wa kubana, yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa, na kesho yake yanashika moto upesi, umeokoa mkaa. Debe likae nje. Jiko nalo liwe upande wa magharibi wa banda, upepo upeleke cheche mbali na turubai, maana lile plastiki halisubiri.

Baridi yenyewe inatoka chini kuliko juu. Pitia soko la Job Ndugai, hapo jirani, uombe maboksi matupu, utandike matabaka matatu au manne chini ya mkeka. Valeni soksi na kofia. Dumu dogo la maji ya moto yaliyopoa kidogo, kizibo kikazwe, lizungushiwe kanga na kuwekwa miguuni, linatosha kuwapeleka mpaka alfajiri.

Mmoja wenu akiamka na kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu isiyo na nguvu, asianze kutafuta dawa ya malaria. Tokeni nje kwanza, nyote wawili. Kichwa kikipungua mkiwa nje, mmeshajua ni nini. Maziwa hayaondoi sumu hii, wala asiyejitambua asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali, huko kuna oksijeni.

Najua utasema gesi ingemaliza yote haya, na ni mimi niliyesema mtungi wa kilo 15 ni gharama kubwa kwa biashara ya siku nane. Basi, ukipata wa kuazima, chukua. Ila nao ukae nje. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, mapovu yakivimba ujue inavuja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, pale pale mnapoweka vichwa.

Kupata nafasi karibu na mabanda ya mifugo si jambo dogo, watu hawabanduki pale. Baba yako nimemwambia, akajifanya anasikiliza redio. Lakini mbona hukuuliza mifugo iko upande gani? Kama iko mashariki yako, vumbi la samadi linakuja moja kwa moja kwenye chakula. Funika kila kitu, na upande huo ufungwe turubai mpaka chini, mchana tu. Inzi utawakuta hata ukifunga, kwa hiyo maji ya kunawa yenye koki yawe mlangoni, si beseni la kuchovya watu wote.

Siku za mwanzo usipike kwa pupa. Wengi wanaokuja siku hizo ni wanafunzi wanaopita na vipeperushi, hela hawana. Kilo 1 ya mchele inakupa sahani 7 hivi. Pika kidogo kidogo, ukiisha ongeza. Wali ukikaa vuguvugu sufuriani saa nyingi unachacha na unaharisha watu, na kuupasha moto kesho yake hakuuponyi. Chapati kadiria 10 kwa kilo ya unga. Tarehe 8 watu ni wengi na ukaguzi getini mkali, mahitaji yawe ndani tangu jioni ya tarehe 7. Weka chenji ya kutosha, mia mbili na mia tano, maana watu wakijaa mtandao unaelemewa na lipa namba haisomi.

Mafuta ya alizeti lita 10 nimekutumia na basi la asubuhi kutoka Kibaigwa, yapokee stendi ya hapo Nzuguni. Dumu limefungwa utepe mwekundu. Blanketi zito limo kwenye kiroba kimoja na dumu, la mdogo wako, usimnyang'anye. Ukishafunga biashara usiku nitumie ujumbe kwamba jiko liko nje. Hata kama ni saa sita. Utaniona nasumbua, sawa.

Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnywesha kwa chupa. Kisima cha jirani kimepungua, tunachota usiku. Na lile sufuria kubwa ulilochukua, mfuniko wake ni wa mama mdogo. Ana shughuli tarehe 15, ameshauulizia.

Mama yako