Usiiuze Bado Seti ya Mzee

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi sijambo, ila nimekuwa nikikuwaza tangu siku za msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi tu kuuona mwandiko wako. Mara ya pili nilikwama kwenye yale maneno kwamba umeishusha seti ya muziki ya marehemu mzee kutoka juu ya kabati, ukaiunganisha, ukaweka sahani, ikatoa sauti ya nzi ndani ya kopo, na sasa amejitokeza mtu anayetaka kuibeba yote kwa mkupuo, santuri, spika na kila kitu. Unaniuliza kama kuna maana ya kubaki na mzigo huo wakati simu yako ina kila wimbo.

Usimpe jibu bado. Mwambie angoje. Seti hiyo hujaisikia bado, na kitu usichokisikia utakipimaje?

Tuanze na huyo nzi, maana namfahamu. Nami nilipounganisha mashine ya santuri kwa mara ya kwanza nilipata sauti hiyo hiyo, nyembamba, ya mbali, besi hakuna hata chembe, nikaamini kifaa kimekufa. Kilikuwa kizima. Nilikuwa nimechomeka waya kwenye tundu lisilo lake. Geuza amplifaya ya mzee, ile mashine ya kukuza sauti, uitazame mgongoni: kuna matundu mawili yaliyoandikwa PHONO, na mengine yameandikwa AUX, TAPE au TUNER. Naamini umetumia AUX. Hamia PHONO, halafu ule waya mwembamba ulio peke yake uufunge kwenye skrubu ya GND, yaani ya ardhi, la sivyo utasikia mvumo wa umeme usiokoma.

Sababu yake inafaa uijue, kwa kuwa ukishaijua hutaiogopa tena seti hiyo. Umeme unaotoka kwenye kichwa cha sindano ni mdogo mno. Kwa vichwa vingi vya kawaida ni sehemu tatu hadi tano za elfu moja ya volti, wakati mashine ya CD hutoa kama volti 2. Tena santuri haichongwi kwa sauti kama ilivyopigwa studio. Besi ina mawimbi mapana, na ingechongwa kwa upana wake wote mifereji ingeingiliana na upande mzima ungebeba muda mfupi sana. Kwa hiyo mchongaji huipunguza besi na kuzidisha sauti nyembamba, ili zishinde mchakacho wa plastiki yenyewe. Tundu la PHONO linafanya kinyume chake: linairudisha besi mahali pake, linashusha kilichozidishwa, kisha linakuza umeme ule karibu mara mia. Zamani kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kupunguza na kuzidisha. Kipimo cha RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, cha mwaka 1954 ndicho kilichokuja kufuatwa karibu kila mahali. Ukipitia AUX kazi hiyo yote haifanyiki. Ndiye huyo nzi wako.

Ukishahamia PHONO, kama waimbaji bado wanasikika wazito na wana usingizi, inua sahani ya chuma utazame mkanda wa mpira ulio chini yake. Mpira ukikaa miaka bila kazi hulegea, na mwingine huyeyuka ukawa kama lami. Mkanda mpya ni kitu kidogo. Tazama pia ukingo wa zile wufa, spika kubwa za besi: kama ni wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole, polepole, maana sponji ya miaka 30 hubomoka kama majivu. Ikibomoka usitupe spika. Fundi hubandika ukingo mpya, na koni inabaki ile ile aliyoisikiliza mzee. Amplifaya nayo mpe fundi aikague ndani kabla hujaiacha ikiwaka kutwa. Kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, huzeeka hata kama hazitumiki.

Lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua sindano. Yuko atakayekushauri uanze na nyaya za gharama kubwa, mwache apite. Ncha ya sindano ni almasi, na almasi nayo hulika. Hukadiriwa saa 500 hadi 1,000 za kupigwa, kulingana na umbo lake na usafi wa santuri zenyewe. Sindano iliyolika haiachi kucheza. Inacheza huku inakwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Niliwahi kupoteza sahani niliyoipenda namna hiyo. Fundi aliniuzia sindano akaniapia ni mpya. Mwezi mmoja baadaye kila sauti ya “s” ikawa inatoka kama karatasi inayochanwa, na hata nilipobadilisha sindano sahani ilibaki hivyo hivyo. Bado ninayo. Siipigi, lakini kuitupa nimeshindwa.

Mzee wako alilijua hili vizuri. Unakumbuka vile vistari vya penseli kwenye pembe ya kila jalada? Tulipokuwa wadogo tulidhani ni alama za kuhesabia santuri zake. Siku moja nilithubutu kumuuliza akanieleza: upande ukipigwa, kistari kimoja. Akijumlisha vyote alijua sindano imefanya kazi saa ngapi. Sijaona tena mtu aliyetunza kitu kwa uangalifu wa namna ile.

Ukiipata sindano, usawazishe mkono wa mashine, ule unaoibeba sindano. Zungusha ule uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sahani, haupandi wala haushuki. Hapo pete ya namba iweke kwenye sifuri, kisha zungusha uzito na pete pamoja mpaka ufike kipimo alichosema mtengenezaji wa kichwa, ambacho mara nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 2. Usifikiri kwamba kuufanya mkono kuwa mwepesi zaidi ni kuihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji ikagonga kuta zake, na inaumiza kuliko ile yenye uzito wa kiasi.

Na mfereji huo, sahibu, kila nikiushika chini ya taa unanistaajabisha upya. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya namna ya kuweka sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, katika mfereji mmoja: kila sauti ipewe ukuta wake, kuta zikiwa zimeinama nyuzi 45. Sindano moja inasukumwa na kuta mbili kwa wakati mmoja, na kila spika inapata habari zake. Santuri za stirio zilikuja kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege mwaka 1942, hakuzisikia. Chukua upande wa dakika 20. Kwa mizunguko 33 na theluthi kila dakika, sahani huzunguka zaidi ya mara 660, na mfereji ukinyooshwa unapita mita 400. Ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita kama 50 kwa sekunde. Karibu na lebo zimebaki kama 20, na sauti ile ile inabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana sindano ikichoka utaigundua kwanza kwenye wimbo wa mwisho wa upande.

Spika zisikae kwenye kabati moja na mashine ya santuri. Mtikisiko wa besi hurudi kwenye sindano, sindano huupeleka tena kwenye spika, na nyumba nzima inaanza kunguruma. Zisogeze mbali kidogo na ukuta, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, na wewe na spika zako mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Nyaya zake zikague zote: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, besi inamezwa, na mwimbaji haeleweki amesimama wapi. Nimeona watu wakilaumu mitambo mizuri kwa kosa la waya mmoja.

Halafu santuri zenyewe. Katika lile kreti la chini nakumbuka kulikuwa na sahani nzito, ngumu, zinazovunjika kama vyungu. Hizo ni za mizunguko 78, nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu uitwao laki, na mfereji wake ni mpana; zinataka sindano yao peke yake. Usiziguse kwa spiriti, itaziyeyusha. Hizi laini, zilizoanza mwaka 1948, zisafishe kwa maji yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Zipange wima kama vitabu, mbali na jua. Basi, hayo yanatosha.

Sasa swali lako la simu. Sitakudanganya. Mimi mwenyewe natumia simu kila siku, na mtu akikuambia santuri hushika sauti kwa usahihi kuliko dijitali, usibishane naye, lakini usimwamini. CD ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa na kimya ambacho plastiki haijawahi kukifikia, na haichakai kwa kuchezwa. Santuri ina mipaka yake, hata besi mara nyingi huwekwa katikati, iende sawa kwenye spika zote mbili, ili sindano isirushwe nje.

Hata hivyo nikueleze kilichonipata. Kuna wimbo nilioujua tangu utotoni. Nimeusikia redioni, nimeusikia kwenye kaseti, na kwenye simu nimeupiga pengine mara mia. Jioni moja niliiweka santuri yake, nikaketi kwenye ile pembe ya tatu, taa nimepunguza. Katikati ya ubeti wa pili nikasikia magitaa mawili. Miaka yote niliamini ni gitaa moja. Kumbe walikuwa watu wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, na huyu wa kulia alikuwa akimjibu mwenzake kwa noti moja au mbili tu, halafu ananyamaza. Nilisimama nikaenda kuchukua simu, nikavaa vifaa vya masikioni, nikautafuta wimbo ule ule. Magitaa mawili yalikuwemo. Yalikuwemo siku zote.

Kwa hiyo simu haikuninyima kitu. Mimi ndiye sikuwahi kukaa. Wimbo wa simu naupiga nikiwa njiani, nikiosha vyombo, nikisoma ujumbe, na kabla haujaisha kidole kimekwenda kwenye mwingine. Sahani hainiruhusu hivyo. Lazima niitoe kwenye bahasha, niishike kwa kingo, niishushe, na baada ya dakika 20 hivi inanyamaza na kunisubiri. Dakika 20 ninaweza kuzitoa zote, bila kuzigawa. Wengine wanaweza kufanya hivyo na simu, na nawaheshimu. Mimi nilihitaji kitu chenye uzito mkononi.

Na hili nililifundishwa nyumbani kwenu. Unakumbuka mzee alivyotukalisha sakafuni? Hakuna kusema mpaka upande uishe. Tuliona ni ukali. Kisha alikuwa akituuliza: nani amesikia ngoma imeingia wapi? Wewe ndiye uliyekuwa ukijibu kwanza kila mara, mimi nikikutazama kwa wivu. Mtoto aliyesikia vile hawezi kuwa ameondoka ndani yako kabisa.

Basi fanya hivi. Hamisha waya, badilisha mkanda, tafuta sindano. Nami nikija nitabeba kimizani changu cha kupimia mkono, tuupime pamoja. Yule mnunuzi, kama ni mtu wa haki, mwezi mmoja hautamuua.

Sahani ya kwanza usiichague kwa jina wala kwa picha ya jalada. Yatoe majalada yote kwenye makreti, utazame pembe zake chini ya mwanga, uhesabu vistari vya penseli. Lipo moja litakalokuwa na vingi kuliko yote. Mimi silijui ni lipi, sikuwahi kumuuliza. Anza na hilo, upande wowote, kisha chukua penseli uongeze kimoja. Niandikie uniambie ni sahani gani.

Ni mimi sahibu yako wa siku zote.