Somo, chogo nimeliacha palepale

Somo wangu,

Salaam aleikum, za Muscat? Huku Tanga hatujambo ila joto, kaskazi imeshika, tunalala madirisha wazi na mbu wanajipakulia tu. Bi Mkubwa anakusalimia na anauliza udi wake, mi nimefikisha, mengine yenu wenyewe.

Sasa nije kwenye lile. Voisi yako ya dakika sita niliisikiliza yote, hata pale ulipocheka mpaka ukapaliwa. Ulisema niache kujitesa, ning'oe lile TV chogo kwenye mashine yangu ya gemu nitie flati skrini, wiki moja kazi imeisha. Mi nikajibu "sawa somo" na kale kadole gumba, ukajua nimekubali. Sijakubali wala nini. Nimeona bora nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu we hunipi nafasi, nikifungua mdomo tu we ushafika Pangani.

Kwanza nilivyoipata, maana hii hukuisikia vizuri. Unaikumbuka ile mashine ya gemu ya kwenye hoteli ya baharini alikokuwa anapika baba yako mdogo, tulikuwa tunapita mlango wa jikoni na mabuibui yetu ya madrasa tunajifanya tumetumwa chumvi? Ndo hiyohiyo. Hoteli imebadilisha wenyewe sijui mara ngapi na mashine ikaishia stoo nyuma ya magodoro. Mwaka jana nimepeleka oda ya sambusa za semina pale, mlinzi kafungua stoo atoe viti, nikaiona imesimama gizani na vumbi lake utadhani kaburi la Tongoni. Nikauliza mnauza? Wakanitazama kama mtu anayeulizia bei ya takataka, wakasema lete laki na nusu lakini uiondoe leo leo. Guta moja na vijana wanne, jasho mpaka kwenye kope, maana ile kitu inazidi kilo mia na uzito wote uko mbele kwenye kioo, ukiilaza vibaya inakwenda na wewe. Baba watoto kurudi jioni akaikuta barazani akauliza, "Maiti ya nani hii mmeisimamisha?"

Hali yake usiulize. Zile mbao za kizungu za unga wa mbao ulioshindiliwa, ukizipa unyevu wa bahari zinavimba kama mkate kwenye chai, halafu chini mchwa walishakula sentimita kumi hivi na kujenga mtaa wao humo ndani. Seremala aliniambia nipake oili chafu, nikamwambia hii inakaa sebuleni baba, siyo nguzo ya banda la mbuzi. Tukakata sehemu yote iliyooza, tukaunga plaiwudi nene, chini tukaweka miguu ya mninga ili isiguse sakafu kabisa, dawa ya mchwa ikapigwa kabla ya rangi. Pembeni kulikuwa na ule mpira unaozunguka ukingo wa mbao, umekatika kote, huku haupatikani, nikatumia ejingi ya plastiki ya mafundi wa makabati ya jikoni. Siyo uleule. Ukikaa mbali huoni.

Bodi ya gemu yenyewe haikuwepo. Mtu kaing'oa zamani kaacha waya na ule mdomo wake unaning'inia. Na hapa somo nikwambie ukweli, ingekuwepo nisingethubutu kutia gemu nyingi, ningeifufua ibaki na ile yake moja tu. Gemu ipi? Kioo ndo kilinisemea. Ukikizima ukakitazama kwa pembeni mwanga wa dirisha ukikipiga, unaona mistari miwili imeungua pale juu, mmoja kushoto mmoja kulia. Ile mistari ya uhai, inayopungua mtu akipigwa! Street Fighter II, ile gemu ya kupigana, ya Capcom, ya 1991. Picha ikikaa pahala pamoja miaka na miaka inakichoma kioo, kivuli hakitoki tena. Nilikaa nimekitazama kivuli kile nikamkumbuka Chun-Li wako, yule mpiganaji wa kike, na mateke yake ya bila mpangilio.

Ule mdomo unaitwa JAMMA, ni jina la chama cha watengeneza mashine hizi Japani, walikubaliana 1985 kwamba waya zipangwe namna moja. Kabla ya hapo kila gemu na waya zake, ukibadilisha gemu unafumua kabati zima. Baada ya hapo ni kama soketi ya ukutani, meno 56, 28 juu 28 chini, moto unapita humo, picha, sauti, stiki, vitufe, sarafu, vyote. Mwenye hoteli akichoka na gemu anachomoa bodi anachomeka nyingine. Sasa na mimi nimechomeka yangu, tofauti ni kwamba ya kwangu ni Raspberry Pi, kikompyuta cha saizi ya kadi ya benki, kimebebeshwa kijibodi kidogo chenye meno ya JAMMA. Kwa hiyo hata waya za zamani sijazikata, akija mtu kesho na bodi ya asili anachomeka inawaka. Hiyo naomba uiweke kwenye hesabu kabla hujanitukana tena.

Haya, chogo. Siku ya kwanza kuliwasha picha ilikuja, lakini imesinyaa pande zote na inacheza kama kanga kwenye kamba siku ya upepo. Mafundi vijana wawili waliniambia kama wewe, mama tupa hiyo. Wanajua kubadilisha paneli tu hawa, chogo kwao ni chuma chakavu. Mtu akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, Barabara ya 12, ana kijiduka chembamba kama kabati, redio mpaka darini. Nikamwamkia, nikamweleza, akafunga duka saa ileile akanifuata. Anasema miaka hakuna aliyemletea chogo, wanamletea spika za bluetuthi.

Alichofanya kwanza ndicho kilichonitia adabu. Kachomoa waya ukutani, kachukua bisibisi ndefu ya bapa, kaifunga waya, ncha ya pili ya waya kaibana kwenye chuma cha fremu, mkono mmoja kauweka nyuma ya mgongo kabisa, halafu taratibu kaingiza bisibisi chini ya ile kofia ya mpira iliyopo juu ya chogo. Tap! Nikaruka. Akasema mwanangu, humu mnakaa volti zaidi ya elfu ishirini na zinabaki hata umeme umezimwa, na mkono wa pili ukigusa chuma zinapita kifuani. Akangoja kidogo akarudia tena, maana kioo kinaweza kujikusanyia moto upya. Mi nilikuwa nimeshalifungua lile kabati mara tatu peke yangu somo, nimelifuta vumbi kwa tambara bichi. Mungu mkubwa.

Ugonjwa ulikuwa kapasita. Ndani zina maji maji yake, miaka na joto vinayakausha, picha inasinyaa na kuyumba. Kabadilisha zote pamoja, ishirini na kitu, maana anasema ukibadilisha mbovu tu hizi zingine zitakuita mwezi ujao. Alichomelea kwa risasi siku mbili, mi natoa chai na mbaazi, na kuchunga kila mguu wa hasi usikae kwenye chanya. Kuwasha, picha imetulia tuli, rangi nyekundu nyekundu kweli.

Sasa mbona nisitie flati? Mosi, tundu la kabati ni la umbo la nne kwa tatu, flati za siku hizi ni pana, ukiitia inaacha pengo juu na chini kama meno ya mzee. Lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya kioo hiki. Street Fighter ina mistari 224 tu kwenda chini, kwenye chogo kila mstari unakaa na mwanya wake mweusi mwembamba na nukta zinayeyukiana, uso wa Ryu, yule mpiganaji mwingine, unakuwa uso. Ukiivuta picha hiyohiyo ijae flati kubwa inakuwa vigae vya bafuni. Nilijaribu kwenye TV yetu ya sebuleni nipate uhakika, nimeona kwa macho yangu sijasimuliwa.

Ila chogo nalo lina masharti. Chombo cha namna hii kinataka mawimbi ya kilohezi 15, na kompyuta nyingi zinatoa 31, ukikipa hiyo 31 picha inachanika chanika na unaweza kukiua. Ndo maana nikanunua kile kijibodi chenye meno, na kwenye faili la kuwashia la Raspberry ikabidi niandike kwamba tangu sekunde ya kwanza itoe 15. Faili hilo niliandika na kufuta nusu ya Shaaban.

Waya za vitufe nimefunga mwenyewe na hapa ucheke kwa raha zako. Swichi ndogo ya chini ya kitufe ina miguu mitatu, mmoja wa pamoja, mmoja unaounga ukibonyeza, mmoja unaounga usipobonyeza. Mi nikachukua ule wa tatu kwa vitufe vyote kumi na viwili. Kuwasha, mashine inaona vitufe vimebonyezwa wakati havijaguswa, Ryu anapiga ngumi nikikiachia kitufe badala ya nikikibonyeza, kapandwa na pepo kabisa, na mtoto wa jirani akatoka mbio kwenda kumwita bibi yake. Nusu ya vitufe nayo ilinipa taabu nyingine, JAMMA ya asili inabeba vitufe vitatu tu kwa kila mchezaji, mateke ya Street Fighter yanapita kwenye waya wa pembeni, na huo waya panya walishaumaliza.

Gemu zinapita kwenye programu inaitwa MAME, aliianzisha Mwitaliano anaitwa Nicola Salmoria 1997, inaiga mashine ya zamani chipu kwa chipu. Tabu yake mafaili ya gemu lazima yalingane na toleo la programu, yasipolingana gemu haifunguki. Usiku mzima nimekaa nayo, halafu umeme ukakatika inaandika, kadi ya memori ikafa na kila kitu nilichopanga. Siku hizi kadi ninayo ya pili iliyonakiliwa, ipo kwenye kopo la sukari, na mashine inakaa kwenye yuupiesi, lile betri la kushika umeme ukikatika.

Majirani wote wananambia weka sarafu utajirike. Sitaki. Gemu zina wenyewe mpaka leo, kucheza nyumbani na kuuza ni vitu viwili, halafu sitaki kugeuza baraza yangu kijiwe cha watoto watoro wa shule. Kile kitundu cha sarafu ni cha peni kumi za Uingereza, za kwetu hazipiti, ashajaribu mtu na ya mia imekwama mpaka leo. Nimeficha kitufe chini ya meza ya stiki, ukikibonyeza kinahesabu kama umetia hela. Ikisikika adhana nazima sauti, saa moja na nusu usiku nazima mashine. Baba watoto? Juzi saa saba usiku nimeamka kunywa maji, nimemkuta amesimama mbele ya maiti na msuli wake, sauti ameishusha kabisa, anapigana na Blanka.

Jambo moja tu limenishinda na linakuhusu, Pac-Man yako, yule mdomo wa duara anayekula nukta. Gemu ile ya 1980 ilitengenezwa kwa kioo kilichosimamishwa wima, ina mistari 288, na changu kimelazwa. Naweza kuionyesha yote ikawa inatetemeka, au niibane itulie na baadhi ya nukta zipotee. Nimeibana. Nageuza kioo kizima? Babu fundi anasema inawezekana, lakini ananiangalia jicho baya nikilitaja. Halafu stiki niliyonayo inakwenda pande nane, Pac-Man inataka nne tu, ukikata kona stiki inapita mshazari na yule anagoma ukutani, shetani mwekundu kashakufikia.

Kwa hiyo ukija Disemba niletee stiki mbili zenye bamba la chini la kugeuza, nne au nane, na vitufe kumi na vinne na swichi zake kwa sababu hizi chumvi imeshazishika. Vya tundu la milimita 28, sikiliza vizuri, ishirini na nane, za Kijapani ni 30 na hazitaingia, na kutoboa tena meza yangu sitoboi. Pesa nitakutumia ukinambia bei, usinifanyie ule ukarimu wako wa kelele. Na safari hii usinifanyie ya waja leo waondoka leo, lala hata siku nne, chumba kipo.

Udi wa Bi Mkubwa usisahau, atanilaumu mimi.

Somo wako,
Chumbageni