Barua ya malalamiko: Spika nilizochaguliwa na kitufe cha sauti

Kwa Meneja wa Mauzo,

YAH: KUSHINDANISHA SPIKA BILA KUSAWAZISHA SAUTI

Ndugu Meneja,

Mwezi uliopita nilinunua kwenu jozi ya spika kubwa za kusimama sakafuni. Kabla ya kununua nilizisikiliza katika chumba chenu cha maonyesho, zikishindanishwa na jozi ndogo ya kuweka juu ya stendi. Spika hazijaharibika. Ninalolalamikia ni namna mlivyonifikisha kwenye uamuzi wa kuzinunua.

Muuzaji wenu aliunganisha jozi zote mbili kwenye amplifaya moja, akaweka wimbo, akawa anahamisha swichi huku na huku. Kitufe cha sauti hakukigusa. Aliniambia hiyo ndiyo haki yenyewe: amplifaya ileile, wimbo uleule, kitufe palepale. Nilimwamini. Kila alipohamia spika kubwa, muziki ulijaa chumbani, besi ikanguruma, matoazi yakang'aa. Nikalipa siku hiyohiyo.

Nyumbani nikasoma karatasi za vipimo. Jozi ndogo hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 84 kwa umbali wa mita 1 ikipewa volti 2.83, jozi kubwa, kwa volti hizohizo, desibeli 90. Basi kitufe kilipokuwa palepale, spika kubwa zilikuwa zikipiga kwa desibeli 6 zaidi, na ndogo zingehitaji nguvu mara 4 ili kuzifikia. Tena kubwa ni za omu 4, ndogo ni za omu 8; omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na zikiwa chache spika huvuta umeme zaidi. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1, kwenye omu 4 ni wati 2. Nusu ya tofauti ile, yaani desibeli 3, imetokana tu na spika kubwa kuvuta umeme mwingi zaidi. Anayeuza spika kila siku anapaswa kuyajua haya kuliko mimi.

Sikio nalo lina tabia yake. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, besi hutufifia kuliko sauti za kati. Ukiipandisha, besi hunenepa bila spika kubadilika. Nilichokisifia mbele ya muuzaji wenu kilikuwa desibeli.

Rafiki yangu ana jozi ndogo kama ile. Aliileta, tukapima kwa kipima sauti pale ninapokaa, tukasawazisha hadi tofauti ikawa chini ya nusu desibeli, tukatundika pazia jepesi mbele ya spika zote, naye akawa anabadilisha bila kuniambia. Karibu kila mara nilichagua ndogo. Mwimbaji alisimama katikati, nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kila ubeti. Kwenye kubwa, sauti yake ilibeba mvumo wa kifuani usio wake, na mkono wa kushoto wa mpiga piano ukamezwa. Sitaki kuzionea: chumba huchangia besi, na nilipozisogeza sentimita 80 kutoka ukutani mvumo wa chini ulipungua kweli. Sauti ya mwimbaji haikubadilika. Nimesikiliza hivyo jioni nyingi, na bado inaniuma, kwa sababu muziki ndio mapumziko yangu.

Sisemi muuzaji wenu alikusudia kunidanganya. Huenda naye alifundishwa hivyo. Lakini hasara imebaki kwangu.

Naomba mnibadilishie spika hizi kwa jozi ndogo na kunirudishia tofauti ya bei. Makasha na vifungashio vyote ninavyo, na hazina hata mkwaruzo. Naomba pia muweke kipima sauti katika chumba chenu, na kila jozi isawazishwe kabla mteja hajaketi kusikiliza. Kazi hiyo haizidi dakika chache.

Nasubiri mnitajie siku ya kuzileta.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu