Wanunuzi wa skrepa, msizikunje shiti za shaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzetu wanaonunua skrepa hapa Mbeya, hasa Mwanjelwa.

Mimi ni fundi bati. Tangu mwaka jana natengeneza treni ndogo ya mvuke kwa ajili ya wajukuu, mfano wa injini za kupanga mabehewa nilizozitazama Tabora utotoni, zenye matanki ya maji ubavuni. Wajukuu wamekulia jirani na reli ya TAZARA, ambayo tangu ifunguliwe 1976 treni zake zinavutwa na dizeli. Mvuke wanausikia kwangu tu.

Matanki natumia shiti ya shaba njano ya milimita 1, maana haishiki kutu na inapokea risasi ya kulehemu vizuri. Kila moja lina urefu wa sentimita 30, kimo 12 na upana 7, yaani lita 2.5. (Boila ni habari nyingine kabisa. Lile lina moto na presha. Asithubutu mtu kuliunga kwa risasi.)

Shiti hizo kwetu nazipata skrepa tu, nyingi zikiwa zimetoka kwenye milango ya zamani. Shida ni kwamba mnazikunja kwa nyundo ili ziingie kwenye kiroba. Shaba njano ikipigwa inakuwa ngumu, na penye mkunjo inaanza kuchanika. Mimi huipasha moto mpaka iwe nyekundu hafifu, ndipo nainyoosha taratibu kwa nyundo ya mbao. Lakini moto unalainisha tu, ufa hauuzibi.

Tanki la kwanza nililisugua kwa ndimu na chumvi, nikaliosha, nikalehemu kona zote, nikalijaza maji na kulilaza juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi kona zote kavu. Katikati ya ubavu, palepale palipokuwa na mkunjo wa kiroba, gazeti lina doa kama sarafu ya shilingi mia. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele! Kazi ya wiki tatu nikaibandika kiraka.

Ndugu zangu, kilo ni ileile shiti ikiwa bapa. Ziegemezeni ukutani, na mimi nitaongeza kitu juu ya bei yenu. Tanki la kushoto bado: nahitaji kipande cha sentimita 60 kwa 30, kisichokunjwa.

Fundi bati,
Mwanjelwa, Mbeya