Siku ya 85: barua kwa mabinti zangu mnaorudi kazini

Mabinti zangu,

Mbukwenyi, kama tusalimianavyo kwa Kigogo. Nawaandikia ninyi mliojifungua juzijuzi na mna ajira: mnaopanda daladala za Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, alfajiri, mnaokaa kaunta za benki, mnaofundisha shule za Kizota na Nkuhungu, mnaouza kwenye maduka ya watu pale mjini. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga zaidi ya miaka thelathini. Sasa nimestaafu, niko Chang'ombe hapa Dodoma, nafuga kuku na nasumbuliwa na wajukuu. Nina jambo moja tu, siku ya 85.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Kliniki nasi tunamwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji asionjeshwe. Haya, tupige hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Miezi sita ni wiki 26. Tena wengi wenu mlianza likizo kabla ya uchungu, kwa hiyo mnapomwacha mtoto nyumbani ana wiki tisa, kumi. Zile wiki za katikati utazivukaje? Mimi nilikaa nyuma ya meza ya kliniki miaka na miaka nikisema "miezi sita, mama," na mara chache sana nikamwuliza mama anarudi kazini lini. Mnisamehe kwa hilo.

Na sikuwa na kisingizio, maana yalishanikuta. Mwaka 1986 nilirudi zamu mtoto wangu wa kwanza akiwa hajafikisha miezi mitatu. Mkubwa wangu wa kazi, mama mwenye watoto watano, aliniambia wodini si mahali pa kunyonyeshea. Nikanyamaza. Mtoto nikamwachia binti wa ndugu yangu, naye mtoto tu wa miaka kumi na minne, pamoja na chupa ya uji mwepesi wa uwele. Ikifika saa nne asubuhi maziwa yamejaa, ziwa gumu kama embe bichi, gauni jeupe limelowa duara mbili kifuani. Nilikuwa navaa sweta mwezi wa kumi na moja, na mnalijua joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja. Halafu najifungia chumba cha kuoshea vyombo, nayakamulia kwenye sinki, nafungulia bomba yaende.

Baada ya wiki chache mtoto akaanza kuharisha, shingo ikawa nyembamba, ngozi ya mapaja ikaning'inia. Majirani wakasema amebemendwa, yaani ameugua kwa sababu wazazi wamekutana kimwili angali ananyonya. Walikuwa wakimtazama mume wangu akipita, kisha wananitazama mimi. Mama mkwe akaleta mizizi ya kumwogeshea. Nami muuguzi mzima, mwenye cheti ukutani, nikaanza kuona haya hata kulala kitanda kimoja na mume wangu. Mpaka siku moja nilipoinyanyua ile chupa dirishani kwenye mwanga, nikaona ndani ya chuchu ya mpira utando wa kijani, mzito, umeshika kama ukoga wa mtungi. Mtoto alikuwa na njaa na chupa ilikuwa chafu. Basi. Alipona, siku hizi ana kitambi, lakini neno kubemenda likitajwa mbele yangu kwa mtoto wa mama aliyerudi kazini, huwa nauliza kwanza: anakula nini mchana, na kwa chombo gani?

Kwa hiyo usingoje siku ya 84 jioni ndipo uanze kuhangaika. Mtoto akifikisha wiki ya sita hivi, anza kujifunza kukamua. Pampu ni nzuri kwa mwenye nayo, lakini mkono hauhitaji umeme. Nawa kwa sabuni. Keti, vuta pumzi, kanda ziwa taratibu kuelekea chuchu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nje kidogo ya ile sehemu nyeusi, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma ndani kuelekea kifuani, ndipo ubane, uachie. Sukuma, bana, achia. Usiteleze vidole kwenye ngozi, utajichubua bure. Mara ya kwanza hutapata kitu, au matone mawili ya kukudhihaki. Endelea. Ziwa hili dakika tatu hadi tano, hamia la pili, rudi la kwanza, zungusha vidole ili kila upande uguswe. Yote kwa jumla ni kama nusu saa. Kuna wanaolia siku ya kwanza, na siku ya nne wanarusha maziwa hadi ukutani.

Chombo kiwe cha mdomo mpana, chenye mfuniko, kilichochemshwa. Chupa ya kioo ya jamu inatosha. Nje ya friji msivushe masaa manne, na kipindi cha joto kali mfupishe zaidi. Mwenye deli dogo lenye barafu aende nalo kazini. Kwenye friji, nyuma kabisa na si mlangoni, yanakaa hadi siku nne. Mafuta yakipanda juu msishtuke, hayajaharibika, yatikiseni polepole. Kuyapasha ni kuloweka chombo kwenye bakuli la maji ya moto. Yasiingie jikoni kuchemka. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe, au mnywe wenyewe kama roho inauma.

Na anyweshwe kwa kikombe, si chupa. Najua mtanibishia. Kikombe kidogo kikigusa mdomo wa chini, mtoto wa miezi miwili anayalamba kama paka, na kikombe hakina kona ya kuficha utando. Dada wa kazi afundishwe ukiwa bado likizo, umwone kwa macho yako mara kadhaa. Baba mtoto kazi yake ni kuviosha na kuvichemsha hivyo vyombo jioni, wala asiseme hakuambiwa.

Sasa ofisini. Sheria ileile, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri akuruhusu kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Wengi hawaijui, mabosi wamo. Omba kwa barua, kabla hujarudi, ubaki na nakala. Ila anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba, daladala peke yake itayameza hayo masaa mawili. Huyo azungumze na mkuu wake: mtoto aletwe kwa bajaji, au aondoke mapema, au apewe chumba chenye kitasa akamue kila baada ya masaa matatu hivi. Chooni hapana. Hakuna anayekunja chapati chooni. Na ukiruka kukamua siku nzima, ziwa linadhani mtoto hahitaji tena, linapunguza. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, ukifika tu, na usiku hata akiamka mara tatu.

Mama zetu watawaambia Dodoma kavu, mtoto anakauka koo, mpe maji kidogo. Karibu sehemu tisa za kumi za maziwa yako ni maji. Mjibuni kwa adabu, kisha toeni ziwa mumnyonyeshe mbele yao.

Wenye meza Soko la Majengo na Sabasaba hawana mwajiri wa kumwandikia barua, mtoto yuko nao mgongoni. Kwao ni kivuli, vumbi la upepo wetu, na kidumu cha maji cha kunawia kabla ya kumpakata. Nao nitawaandikia siku yao.

Jumamosi mchana huwa niko nyumbani chini ya mwarobaini, na mabinti wa mtaani wanapajua. Njooni na chupa tupu na kanga ya kujifunika. Watoto waje pia, kuku hawaumi.

Bibi yenu,
Chang'ombe, Dodoma