Waya za mkono wa kreni hazikazwi kwa macho

Mhariri,

Mtu akisimama barabarani kutazama kreni ya mnara, macho yake hufuata ndoano na mzigo. Sisi tunaozifunga na kuzifungua kreni hizi hapa Kisumu hutazama kwanza waya mbili zinazoshuka kutoka kileleni hadi mkononi. Ndizo zinazoubeba mkono, na ndizo zinazokazwa ovyo: kikaza, yaani kifaa cha hesi cha kufupisha waya, ni cha hadiwea, kilichotengenezwa kuvutia seng'enge ya boma, na anayekizungusha anakadiria tu kwa macho.

Waya hizo hubeba kuliko watu wanavyodhani. Waya zikifanya pembe ya digrii 15 na mkono, kila tani 1 inayolemea pale ziliposhikizwa huzivuta kwa jumla ya karibu tani 3.9. Tani 2 zinakuwa 7.7. Pembe ikipungua hadi digrii 10, tani hizo hizo 2 zinazivuta waya kwa jumla ya tani 11.5, na hapo bado hujaongeza uzito wa mkono wenyewe. Kwa hiyo msimamizi anayesema "mzigo ni tani mbili tu" amepima ndoano, waya hajaipima.

Si kila kreni ina waya za kurekebishwa. Zile za kichwa bapa hazina kabisa. Nyingine nyingi hutumia vyuma vizima vilivyoungwa kwa pini, urefu wake umepangwa kiwandani, na hapo hakuna cha kukaza. Kosa letu kwenye hizo ni jingine: kiwanja ni kidogo, mkono unafupishwa kutoka mita 60 hadi 45, halafu vyuma vinarudishwa kwa mpangilio wa mkono mrefu. Kitabu cha kreni kina jedwali la kila urefu wa mkono, pamoja na tundu la kila pini. Lifuatwe hilo.

Kwenye kreni za waya na kikaza, tatizo kubwa ni waya mbili kutolingana. Chukua waya mbili za mita 30, unene milimita 24. Moja ikiwa fupi kwa milimita 10, inabeba karibu kilo 900 zaidi ya mwenzake kama mkono haujipindi kuifuata. Vyuma vizima vya milimita 50 havina huruma hiyo: milimita 10 hizo hizo ni karibu tani 13. Na mkono ukijipinda, toroli, yaani kigari kinachotembea mkononi kikibeba ndoano, huegemea upande mmoja na magurudumu yake huliwa ubavu. Ukiona hivyo, usikimbilie kubadilisha magurudumu. Panda ukapime waya.

Kazi ya kukaza huku kwetu ifanywe asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza mchana. Toroli irudishwe karibu na mnara, ndoano iwe tupu. Kreni ya pili iuinue mkono kidogo, ikishika mahali palipotajwa kitabuni, mpaka waya zilegee. Kukaza waya iliyobeba hula hesi, na fundi hawezi kujua ameongeza nguvu kiasi gani. Kikaza kina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mwili wake huvuta ncha zote mbili. Hesi ya bolti ya milimita 36 ina hatua ya milimita 4. Mzunguko mmoja unafupisha waya kwa milimita 8. Zungusha nusu upande huu, nusu upande ule, huku mtu akiandika. Kisha mkono ushushwe, na ncha yake ipimwe kwa mashine ya usawa, kwenye mabomba mawili ya pembeni ya mkono, la kulia na la kushoto. Bila mzigo, ncha huwa juu kidogo, kwa kipimo cha kitabu. Ikilala, mkono unakuwa mteremko na toroli inavutwa nje, mbali na mnara, ambako kreni inaruhusiwa kubeba mzigo mdogo kuliko karibu na mnara.

Sasa chungulia dirisha la kikaza, yaani uwazi ulio ubavuni mwake. Hapo ndipo ukweli ulipo. Ncha za bolti zote mbili zionekane zimeingia ndani. Hesi iliyoshikwa isipungue unene wa bolti yenyewe, yaani milimita 36 kwa bolti ya 36. Kikaza kilichofungwa pande zote bila hata tundu la kuchungulia kisipande kwenye kreni, kwa sababu bolti inaweza kuwa imeshikwa kwa meno matatu na nje kikaonekana kizima. Mwisho mwili ufungwe na ncha zake kwa pini au waya laini usizunguke. Nati peke yake haitoshi; mtikisiko wa kila siku huifungua.

Waya mpya ambayo haikuvutwa kiwandani hurefuka inapoanza kazi. Robo hadi nusu asilimia ni kawaida, na kwa mita 30 hiyo ni milimita 75 hadi 150. Ndiyo maana waya mpya haiwekwi pamoja na ya zamani. Zibadilishwe zote mbili, na zipimwe tena baada ya siku chache za kazi.

Klipu za waya nazo ziondoke kwenye mkono wa kreni. Hata zikifungwa sawasawa, na uta wa bolti ukae upande wa ncha iliyokatwa, waya hubaki na karibu asilimia 80 ya nguvu yake. Ncha iliyobanwa kiwandani ndiyo inayofaa.

Katika ukaguzi, futa grisi kwanza. Vumbi na wadudu wa ziwani hunasa humo na kuficha nyuzi zilizokatika. Kanuni za Marekani huikataa waya ya kushikilia kama hizi ikiwa na nyuzi zaidi ya mbili zilizokatika ndani ya msokoto mmoja, yaani urefu ambao kamba moja ya ndani huizunguka waya mara moja, au zaidi ya moja karibu na ncha. Msokoto mmoja wa waya ya milimita 20 ni kama milimita 130, upana wa kiganja na zaidi kidogo. Kutu nyingi huanzia pale waya inapoingia kwenye kibanio, maji ya mvua yanapotulia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kreni na waya zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Tunaomba wakaguzi wapande hadi kwenye vikaza badala ya kusoma cheti wakiwa chini. Mwenye jengo naye adai karatasi moja tu: tarehe, kipimo cha ncha ya mkono pande zote mbili, na idadi ya mizunguko ya kila kikaza.

Mafundi wa kreni,
Kisumu