Mabuibui yangu sio ya mganga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua ni ndefu, mtakata mnapoona panafaa, ila pale nilipoongelea waganga msipakate maana ndo sababu ya mimi kushika kalamu.

Mimi ni fundi simu, nakaa Mabatini kule juu kwenye mawe, na chumbani kwangu nafuga buibui. Sio hawa wa kwenye kona za dari, naongelea yale makubwa yenye manyoya, tarantula, likikunjua miguu yote linaenea kiganja kizima cha mwanaume. Yako kwenye makopo ya plastiki ya kuona ndani, kila moja na kopo lake maana ukiyaweka mawili pamoja asubuhi unakuta moja, na kila kopo nimelibandika karatasi ya tarehe za kujivua gamba (sio lile la wanasiasa, hili linavuliwa kweli).

Habari imeshazagaa mtaani kwamba fundi anafuga majini. Basi wanakuja watu wa aina mbili, kuna wanaotaka mwenye nyumba anifukuze na kuna wanaotaka niwauzie, na kusema ukweli hawa wa kwanza siwaogopi kama hawa wa pili. Alikuja mama mmoja mtu mzima kabisa, nikamwamkia, tukakaa, alafu akaniambia ametumwa na mtaalamu wake, yani mganga, atafute buibui jike, mkubwa, mweusi, bei niseme mwenyewe. Akaja na kijana mwingine wa gari, huyo yeye ana mteja wa nje ya nchi, anataka hata matano kwa mpigo. Wote niliwajibu siuzi, wakaondoka wanajua nasubiri dau lipande. Sasa naomba nieleze hapa kwanini siuzi, na ukishajua hawa wadudu wanavyokua nadhani na wewe hutouza.

Jike langu la kwanza lilitoka kwenye msingi wa nyumba. Mafundi walikuwa wanachimba wakakuta shimo limezungushiwa utando mdomoni, mmoja akaenda kutafuta mafuta ya taa amwagie, nikaomba nilichukue mimi. Nikaliwekea kopo lenye udongo mwingi, maana hawa wa huku kwetu ni wachimbaji, kundi lao kitaalamu linaitwa Pterinochilus, ukimpa nafasi tupu juu na udongo kidogo chini anakaa na hasira tu mda wote. Likachimba, likapotea humo ndani, na baada ya mda likafuma mfuko wa mayai likawa linaukumbatia kutwa, ukisogeza kopo kidogo tu linanyanyua miguu ya mbele juu na kutoa meno. Vikatoka vitoto zaidi ya mia. Vingi nilivirudisha palepale mlimani, vikabaki vichache, na hivyo ndo nimevilea mpaka leo.

Kitoto kikitoka hakifiki hata nusu sentimita. Hapo ndo utamu wa ufugaji ulipo, yani unaanza na kitu ambacho ukipiga chafya unaweza kukipoteza. Mifupa yake iko nje, ndo hilo ganda lenyewe, kwahiyo hawezi kunenepa taratibu kama mbuzi, anakua kwa kurukia, wiki kadhaa yuko vilevile alafu usiku mmoja anajivua na asubuhi unakutana na mtu mwingine kabisa. Kitoto kinajivua kila baada ya wiki chache, akizidi kukua nafasi kati ya gamba na gamba inatanuka, jike zima linaweza kukaa mwaka na zaidi.

Siku ya kujivua inajulikana mapema. Anakataa chakula, rangi inafubaa, anaziba mdomo wa shimo kwa utando, anakuwa kama ameugua. Alafu anatandika mkeka wa utando na kulala chali, miguu juu. Hapa ndo wengi wanapoua bila kujua, mtu anakuta buibui chali anasema hili limekufa analitupa jalalani, na huyo alikuwa anajivua gamba tu. Buibui anayekufa mara nyingi hulala kifudifudi miguu yote imekunjika chini ya tumbo, kwa sababu kwenye viungo vikubwa vya mguu hana msuli wa kunyoosha, ana wa kukunja tu, kunyoosha anatumia presha ya damu, presha ikiisha miguu inajikunja. Wakati mwingine ni kiu tu, ukimuwahi na maji anaamka. Ndo maana kila kopo langu lina kizibo cha maji, hata kama simuoni akinywa.

Basi akishalala chali ganda la kifuani linapasuka pembeni linafunguka, na anaanza kutoa miguu yote minane kwa pamoja, taratibu, anavuta anapumzika, anavuta anapumzika, kama mtu anayetoa miguu kwenye mabuti ya mvua yaliyonasa tope la Igogo. Inaweza kuchukua saa nzima au masaa kadhaa. Anavua mpaka meno, mpaka utando wa ndani wa kinywa na wa tumbo la chakula. Akimaliza meno yake mapya ni meupe kabisa na laini, siku zinazofuata yanakuwa mekundu alafu meusi, na mpaka yawe meusi usimpe kitu, maana panzi mwenye nguvu anaweza kumtoboa yeye. Kama alikuwa amepoteza mguu, unamkuta na mguu mpya mwembamba, kila akijivua unanenepa mpaka unafanana na wenzake. Mimi nimekaa macho usiku kucha kuangalia hilo jambo kwa tochi yenye karatasi nyekundu na kesho yake nimefungua kibanda nasinzia, wateja mnisamehe.

Lile gamba silitupi. Nalilowesha kwenye maji yenye sabuni kidogo likilainika nalikunjua, naliweka chini ya mikroskopu ya kutengenezea bodi za simu. Upande wa ndani wa tumbo, katikati ya yale mapafu ya mbele, jike anakuwa na kimfuko cha kuhifadhia mbegu za dume, dume hana. Kwahiyo ile mashine niliyonunua kwa ajili ya kuchomea ic (vile vidude vyeusi vya kwenye bodi ya simu) ndo inayonipa habari huyu ni binti au kijana, na siku nyingine mteja anasubiri simu yake nami nimeinamia ngozi ya buibui.

Na kujua jinsia sio mapambo, ndo hesabu yote ilipo. Dume anakua haraka, wa jamii hii ya kwetu mwaka mmoja au na nusu anakuwa amekomaa, gamba la mwisho likitoka anakuwa na vile vimkono vya mbele vimevimba mwishoni kama ngumi, na hapo ameshaacha mambo ya kula sana, anatoka shimoni usiku anatafuta mke. Ana miezi tu mbele yake. Lile libuibui linaloingia sebuleni kwako mvua zikianza, mke anapiga kelele watoto wanapanda juu ya kochi, kwa kawaida ni hilo, kapera linalotembea, halina habari na nyumba yako wala halijatumwa na shemeji.

Jike ndo mwenye miaka. Wa huku kwetu anaweza kupita miaka kumi, na kuna yule mwenye miguu minene ya nyuma anayepatikana Kenya na Tanzania, Pelinobius muticus, huyo anakua polepole sana na jike lake linaweza kupita miaka 20. Australia kulikuwa na buibui jike wa mashimo, sio tarantula hasa ila ni wa ukoo wa karibu, mtafiti Barbara York Main alianza kumfuatilia mwaka 1974 palepale kwenye shimo lake, na mwaka 2016 ndo wakakuta amekufa ana miaka 43, na inaonekana aliuawa na nyigu, sio uzee. Sasa yule mtaalamu anayetaka "jike, mkubwa, mweusi" hajui kwamba ameagiza kiumbe ambaye huenda alikuwepo shimoni kabla mwanae hajaanza darasa la kwanza. Anamkausha, anamsaga, basi. Na mashimo ya mlimani hayajazi upya mwaka kesho, maana kati ya vile vitoto mia vinavyotoka wengi wanaishia kwenye midomo ya mijusi, ndege na siafu, anayefika ukubwa ni wa bahati.

Kuhusu wa gari ni hivyohivyo. Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016 na nadhani anajua vizuri maana alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Wazungu wanampenda sana yule wa rangi ya chungwa wa Usambara, na huko kwao wanazalisha wenyewe kwenye makopo kama mimi, kwahiyo mtu anayekuja kuchimbua wa porini anataka cha bure tu.

Sisemi ni wanyama wa kuchezea. Yangu siyashiki mkononi hata siku moja, natumia kikombe na brashi ya rangi kuyahamisha. Hawa wa Afrika hawana yale manyoya ya kuwasha wanayorusha wenzao wa Amerika, silaha yao ni meno, na wana mbio. Akikung'ata ni maumivu makali, uvimbe, na misuli kukaza hata kwa siku kadhaa. Ila hakuna kifo cha binadamu kilichowahi kuthibitishwa kutokana na sumu ya tarantula, na ukimwacha shimoni kwake hana sababu ya kukufuata. Watoto wa mtaani wanaruhusiwa kuangalia, kufungua kifuniko ni mimi tu.

Chakula sio shida. Nafuga mende wangu kwenye ndoo (wa jikoni hapana, wameshapuliziwa madawa), msimu wa panzi napata panzi, na vile vitoto vidogo navipa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi mwezi ukiandama, unawasha taa unakinga beseni unapata wa kutosha. Senene hawapati, senene nakula mwenyewe.

Sasa hili la majini. Nalisema taratibu kwa sababu kanda yetu hii tunajua uvumi wa uchawi unafanya nini, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni, kwahiyo mtu akisema kwa utani "fundi ana majini" mimi sicheki sana. Na kinachonishangaza ni kwamba Wasukuma ndo wangekuwa wa mwisho kushangaa mtu kukaa na mdudu wa sumu. Nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, ulizia bayeye, walikuwa wanashika nyoka, wanacheza nao ngoma mbele za watu, na dawa ya kuumwa na nyoka walikuwa nayo wao. Banungule nao walicheza na nungunungu. Babu yako alishangilia chatu uwanjani wewe unakimbia buibui yuko ndani ya kopo lenye kifuniko.

Na tukiwa hapohapo, wale buibui wadogo wanaorukaruka ukutani nao muwaache. Upande wa Kenya na Uganda wa ziwa letu hili kuna mmoja, Evarcha culicivora, mdogo kabisa, watafiti waliokaa Mbita wamegundua kwamba anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyetoka kunyonya damu, na ana mpango maalum na mbu wa malaria. Sisi tunanunua dawa ya kupuliza tunamuua yeye pamoja na mbu.

Ombi langu kwa mafundi ujenzi wa Mabatini, Igogo, Bugarika na huko kote kwenye mawe, mkikuta shimo lenye utando mdomoni acheni mafuta ya taa. Chimbeni pembeni yake sio katikati, akitoka mfunikeni na ndoo, pitisheni kipande cha boksi kwa chini, mkamwache kwenye vichaka mbali na njia, kazi ya dakika kumi.

Mwenyekiti wetu wa mtaa nimeshaongea naye, aje Jumamosi na wajumbe wake pamoja na yeyote mwenye maswali, makopo nitayapanga mezani na lile jike la msingini likijisikia litatoka. Wasije tu na dawa ya kupuliza.

Fundi simu,
Mabatini, Mwanza